Mkimbiaji mwenye familia: Mwili una haki, na nyumba nayo ina haki

Safu ya Afya na Usafi

  

Katika safu hii tumezungumza mara nyingi kuhusu shinikizo la damu, kisukari na unene, na kila mara nimewahimiza akina baba waache kushinda barazani na waushughulishe mwili. Alhamdulillah, wapo waliosikia. Hapa Kyela, ukipita njia ya kwenda Itungi baada ya swala ya Alfajiri, utakutana na mwalimu mmoja, karani mmoja wa kakao na vijana wawili watatu wanakimbia. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na huu ni mwaka wa saba. Nimeshakimbia mbio ndefu Mbeya na Moshi, na medali zangu zimetundikwa msumarini sebuleni.

Lakini lipo jambo moja ambalo katika kuhimiza kwangu kote sikulisema, na leo nalisema kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Mbio ndefu za mtu mwenye mke na watoto si zake peke yake. Zina gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayetoka jasho bali ni yule aliyebaki nyumbani. Mkimbiaji asiyelijua hilo anaweza kuwa na moyo wenye afya na nyumba yenye maradhi.

Je, kukimbia ni upuuzi?

Kwanza niwajibu wale wanaoona kukimbia kwa mtu mzima ni upuuzi. Siku moja asubuhi mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mpunga alinisimamisha, akaniuliza kwa masikitiko ya kweli: “Mwanangu, kuna msiba wapi?” Nilipomwambia nafanya mazoezi alitikisa kichwa, akaendelea kusukuma gunia lake.

Mzee yule hakukosea kushangaa. Yeye mazoezi yake anayapata shambani na njiani. Anayelima mpunga, anayepanda na kushuka kwenye michikichi na anayevuta nyavu pale Matema hana sababu ya kutafuta mazoezi mengine. Tatizo ni sisi tunaokaa. Mimi nakaa kwenye kiti cha kliniki tangu asubuhi hadi alasiri, na mfanyabiashara anakaa dukani hadi Isha. Mwendesha bodaboda naye, ijapokuwa anazunguka kutwa, miguu yake haifanyi kazi. Tukirudi nyumbani tunakula wali wa Kyela, na nyote mnaujua utamu wake, kisha tunalala. Watu wa namna hii ndio ninaowapima shinikizo la damu kila wiki wakiwa na umri wa miaka 40 tu, na wengine hawajui kuwa wanalo.

Wala dini yetu haikuuzuia mwili kufanya mazoezi. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba yeye na Mtume (s.a.w.) walishindana mbio wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, walishindana tena na Mtume akamshinda, na akamtania kuwa hiyo ni badala ya ile ya kwanza. Naomba msomaji uzingatie jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalioni katika habari hii. Mtume (s.a.w.) alikimbia pamoja na mkewe. Mbio zile hazikumtoa kwa mkewe, bali zilimkurubisha naye.

Jumamosi ile

Sasa nieleze yaliyonikuta. Ilikuwa mwezi Januari, nikijiandaa kwa mbio za Kilimanjaro zinazofanyika Moshi karibu na mwisho wa Februari. Msimu ule wa mvua huku kwetu maji hutuama kila mahali na mbu ni wengi. Siku za kazi nilikuwa nakimbia kidogo kidogo, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya masafa marefu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na miaka mitatu, alilala vibaya. Baada ya swala ya Alfajiri mama yake akaniambia: “Baba, mtoto anachemka.” Nikamgusa kwenye paji la uso, nikampa dawa ya kushusha homa, nikasema: “Nikirudi nitampima.” Nilikuwa nimepanga kilomita 28 siku hiyo na sikutaka jua linikute barabarani. Simu niliiacha juu ya kabati kwa kuogopa mvua. Njia niliyopita sikumwambia mtu.

Nilikimbia kuelekea Kasumulu, nikaingia njia za vijijini, nikarudi. Nilikaa nje zaidi ya saa tatu. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa amemshika mkono mwanangu mkubwa. Akaniambia: “Mwanangu, mtoto alishikwa na degedege. Mkeo kampakia bodaboda kaenda naye hospitali. Tumekupigia simu, tukaisikia inalia humo ndani.”

Ndugu msomaji, nilianza kukimbia upya na raba zilezile zilizolowa. Nilipofika wodini muuguzi mmoja anayenifahamu aliniuliza swali moja tu: “Tabibu, ulikuwa wapi?” Mtoto alikuwa na malaria kali. Alikuwa ameshadungwa sindano ya kwanza ya artesuneti, na mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda na kanga ya jana usiku. Alhamdulillah, Allah alimponya. Siku ya pili alikuwa anaomba uji.

Mimi ndiye ninayesimama kliniki kila wiki kuwaeleza akina mama kwamba homa ya mtoto haisubiri, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, kwa kuwa malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa chache. Ningekuwa nimesikia mama mwingine amefanya nilivyofanya mimi, ningemsema mbele ya watu.

Mke wangu hakunigombeza. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tumeshamrudisha mtoto nyumbani, alisema: “Mimi sikukatazi kukimbia. Nataka kujua uko wapi, na nataka mtoto akiumwa usitoke.” Hakuongeza neno. Mwaka ule sikwenda Moshi.

Kwa faida ya wasomaji niseme hapa hapa: degedege si ndege wala shetani. Huku kwetu kwenye malaria, mtoto mwenye homa anayekakamaa na kutetemeka ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali mara moja. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimpeleke kwanza kwa mtu wa kumfukizia moshi. Mke wangu alimlaza ubavu kama nilivyomfundisha. Yeye aliyafanyia kazi mafunzo yangu siku ambayo mimi mwenyewe niliyasahau.

Salman na Abu Dardaa

Baada ya siku hizo nilikumbuka habari ambayo ustadh wetu alitusomesha madrasa tukiwa wadogo. Mtume (s.a.w.) aliunga udugu baina ya Salman Alfaarisy na Abu Dardaa (r.a.). Salman alipomtembelea ndugu yake alimkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo duni asiyejijali. Alipomuuliza sababu alijibiwa kuwa ndugu yake Abu Dardaa hana haja na dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama kuswali usiku kucha. Salman akamfanya ale, akamfanya alale, na mwisho wa usiku wakaswali pamoja. Akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema kuwa Salman amesema kweli.

Tulipokuwa watoto tuliichukua kuwa habari ya swala na funga tu. Sasa nina mke na watoto watatu, naiona kwa jicho lingine. Kama swala ya usiku na funga ya sunna, ambazo ni ibada, ziliambiwa zisimame pale zinapokula haki ya mke, je, kilomita 28 za Jumamosi zina hoja gani? Ummu Dardaa hakuwa akilalamika kuwa mumewe ni mlevi au mzinzi. Mumewe alikuwa anafanya jambo jema. Na hapa ndipo wakimbiaji tunapojidanganya. Tunasema: “Afadhali mimi, sipo kijiweni, sipo kwenye kamari, nipo kwenye mazoezi.” Ni kweli, lakini jema likizidi mpaka wake hula haki ya mtu mwingine.

Afya inataka kiasi gani?

Wapo watakaosema: “Lakini tabibu, nakimbia kwa ajili ya afya yangu, na afya yangu ni faida ya familia.” Hebu tupige hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito, kama kukimbia, kwa dakika 75 hadi 150 kwa wiki. Kwa hiyo anayekimbia nusu saa kwa siku tatu ameshafika dakika 90 na ametimiza.

Anayejiandaa kwa marathoni ya kilomita 42 na mita 195 anakimbia saa tano, sita au zaidi kwa wiki. Zile dakika 90 unaweza kusema ni za afya. Zilizobaki ni za mapenzi yako. Sisemi ni haramu, nami nayapenda mapenzi hayo. Nasema tuyaite kwa jina lake. Kitu cha afya unaweza kuwaomba watu wa nyumbani wakuvumilie kwa ajili yake. Kitu cha mapenzi yako unakilipia mwenyewe, kwa usingizi wako na kwa saa zako za baraza, si kwa saa za mkeo.

Na tusijilinganishe na mabingwa. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, akimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, hadi ikabidi picha ya mwisho iamue. Tulifurahi sote. Lakini Simbu ni askari wa JWTZ na kukimbia ndiyo kazi yake. Akilala mchana baada ya mazoezi, amelala kazini. Mimi nikilala mchana Jumamosi baada ya mazoezi, nimemwachia mtu maji ya kuteka, watoto wa kuogesha na kuni za kupasua.

Vilevile kila mkimbiaji hapa nchini anamtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea na kumaliza wa mwisho akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bendeji. Ni mfano mkubwa wa uvumilivu, na alikuwa anaiwakilisha nchi. Lakini nimewaona watu wazima wakitumia jina la Akhwari kuendelea kukimbia huku kifua kinabana au kichwa kinazunguka, katika mbio ambazo hakuna nchi iliyowatuma. Ukiwa na watoto wanaokusubiri, kuacha mbio njiani si aibu.

Masharti sita ya nyumbani kwetu

Baada ya tukio lile mimi na mke wangu tulikaa tukashauriana. Hatukuandika popote, lakini tumeyashika kwa miaka mitatu sasa. Nayaweka hapa kwa anayetaka kufaidika.

1. Shauri kwanza. Sijiandikishi kwenye mbio zozote kabla hatujakubaliana. Si suala la kuomba ruhusa kama mtoto. Miezi mitatu ya kujiandaa inamgusa yeye kuliko mimi, kwa hiyo ana neno ndani yake.

2. Akiumwa mtu nyumbani, sitoki. Hata iwe mafua. Ninachofanya ni kupima na kukaa.

3. Simu na njia. Simu naifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kwenda nayo. Nasema nakwenda upande gani na nitarudi saa ngapi. Nikichelewa nusu saa, napiga.

4. Muda unatoka kwangu. Naswali Alfajiri, natoka, narudi kabla nyumba haijachangamka. Kwa ajili hiyo nalala mapema baada ya Isha na nimeacha mazungumzo ya barazani. Jumamosi nikirudi sijilazi. Nafua nguo zangu za jasho mwenyewe na zamu ya watoto ni yangu hadi Adhuhuri.

5. Fedha za nyumba kwanza. Raba nzuri, hata za mtumba, si bei rahisi. Nauli ya basi kutoka Kyela hadi Moshi, kulala na kujiandikisha ni fedha nyingi. Ada ya shule, bima ya afya, chandarua na deni la mtu vitangulie. Mbio zisizolipika mwaka huu zitakuwepo mwakani insha Allah.

6. Naye ana zamu yake. Hili ndilo tulilochelewa kuliona. Mke wangu naye ana mwili na mwili wake una haki. Siku mbili kwa wiki anatoka na jirani zake wanawake, wamejistiri vizuri, wanatembea kwa kasi njia ya Itungi kwa muda wa saa moja, nami nakaa na watoto na kuchemsha chai. Tangu aanze, maumivu ya mgongo yaliyokuwa yakimsumbua yamepungua.

Akina baba, angalieni sana sharti hili la sita. Kliniki napokea wanawake wengi wenye shinikizo la damu kuliko ninavyopokea wakimbiaji wa kike. Mume anayekimbia miaka saba huku mkewe hajawahi kupata saa moja ya kutembea hajaieneza afya nyumbani kwake. Ameichukua peke yake.

Usafi na usalama wa mkimbiaji

Safu hii ni ya afya na usafi, kwa hiyo nimalizie na mambo ambayo mkimbiaji wa ukanda huu wa Ziwa Nyasa hana budi kuyajua.

Joto. Tukuyu wako juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wanapata baridi. Sisi huku chini kando ya ziwa tuko mita 500 hivi, kuna joto na hewa imejaa unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, na kwenye hewa yenye unyevu halikauki upesi, linachuruzika tu. Ndiyo maana mtu anayekimbia vizuri Mbeya mjini akija Kyela anashindwa. Kimbia alfajiri na punguza kasi. Ukiona mwenzako anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka na mwili unawaka, msimamishe, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na mkimbizeni hospitali. Hiyo ni hatari ya kifo.

Maji. Usinywe maji ya mto wala ya ziwa kwa sababu ya kiu, kwani kipindupindu na homa ya matumbo tunavijua. Beba maji yaliyochemshwa. Kwa mbio za zaidi ya saa moja unaweza kubeba maji yenye sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha. Kunywa kwa kadiri ya kiu. Kunywa maji kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa chumvi ya damu hushuka. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 kati yao chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na wengi wa hao ni waliokunywa sana hadi wakaongezeka uzito njiani.

Homa na vidonge. Ukihisi homa, usikimbie ili “kuitoa kwa jasho”. Nenda kapime malaria. Na usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili upate kumaliza mbio. Mwili ukiwa umepungukiwa maji dawa hizo zinaweza kuumiza figo. Baada ya mbio, ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi, usisubiri kesho.

Jasho na msikiti. Jasho si najisi, na swala ya mwenye jasho ni sahihi. Lakini anayekula kitunguu kibichi ameambiwa asiwaudhi wenzake msikitini, basi na harufu ya fulana ya jana tuihesabu hivyo hivyo. Oga kabla ya kwenda kwenye jamaa. Usirudie nguo ya mazoezi bila kuifua na kuianika juani.

Miguu. Sisi tunatawadha mara tano na huku hewa ni ya unyevu, hivyo fangasi za vidoleni ni nyingi. Osha baina ya vidole, kisha kausha kwa kitambaa kabla ya kuvaa soksi. Soksi ni za siku moja. Raba zikilowa mvua, toa soli za ndani na uzianike. Paka mafuta ya mgando mapajani na mahali panapochubuka.

Mavazi na barabara. Mwanamume avae bukta ndefu inayovuka goti au suruali ya traksuti. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, hasa njia ya Kasumulu yenye malori yanayokwenda na kutoka Malawi. Gizani vaa kizibao kinachong'aa.

Ramadhani. Punguza masafa. Nusu saa nyepesi kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe, inatosha. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za shinikizo aonane kwanza na mtaalamu.

Hitimisho

Ndugu msomaji, sijaandika haya ili mtu aache kukimbia. Bado nakimbia, na insha Allah nitaendelea maadamu magoti yananiruhusu. Naandika ili kila baba mwenye raba mlangoni amuulize mkewe swali moja leo usiku: “Mbio zangu zinakugharimu nini?” Kisha anyamaze asikilize, asijitetee. Atakachoambiwa ndilo deni lake, na muumini hulipa deni.

Mwanangu yule sasa ana miaka sita. Jumamosi ananisindikiza hadi kwenye mwembe wa jirani akikimbia pekupeku, kisha anageuka kurudi kwa mama yake. Kila nikimtazama akirudi, nagusa mfukoni kuhakikisha simu ninayo.